Mwendo wa Kuongea

Fundi miwani alianza kukimbia kwa bidii baada ya mama mkwe kuhamia kwao. Hakumwambia mtu kwamba mambo hayo mawili yana undugu. Mumewe alipouliza, alijibu kwamba kazi yake ni ya kukaa, kutwa nzima shingo imeinama juu ya mashine ya kusagia lenzi, na mwili ukikaa mno huganda. Jibu lilikuwa la kweli, ila halikuwa lote.

Walikaa ghorofa ya juu kabisa, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa lifti, na majirani hawakuchoka kumtania. Wakimkuta ngazini anahema na begi lake la vifaa, walimwambia kweli kinyozi hajinyoi. Naye alicheka, akaeleza tena kwamba mwenye jengo hataki kununua kamba mpya za chuma, akaendelea kupanda. Ndani mlikuwa na sebule, jiko, chumba chao, na chumba kidogo chenye dirisha lililotazama ua wa nyuma. Mama mkwe alilala katika hicho kidogo.

Watu walimwita Mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukaa darasani mwake. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, akamuuguza mumewe mpaka akamzika, halafu mwanawe wa pekee akashikilia kwamba hawezi kumwacha aishi peke yake na kuta. Akaja na masanduku mawili na redio. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa mkwewe. Angekuwa mkorofi, fundi miwani angemchukia kwa raha zake. Lakini Mwalimu alikunja nguo za nyumba nzima bila kuombwa, aliosha vyombo kabla maji ya sufuria hayajapoa, na kila swali lake lilianza na "samahani, mwanangu". Ila alikuwepo. Asubuhi alikuwepo, jioni alikuwepo, na kila ulipofunguka mlango wa kile chumba, fundi miwani aliuona ukuta wake wa njano akageuza uso.

Basi akawa anakimbia. Alitoka mapema, kabla nyumba haijaamka, akashuka ngazi, akaufuata mtaa wa wachapaji, akazunguka uzio wa shule, akapanda hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Ilikuwa saa yake peke yake. Kisha magoti yakaanza kulalamika.

Mwenzake wa kaunta dukani alimwambia tatizo ni viatu. Raba zake zilikuwa na soli nene kama mkate, na huyo mwenzake alikuwa amesikia kwamba siku hizi kuna viatu vyembamba, ambavyo ukivivaa ni kama hukuvaa kitu. Fundi miwani alimwona kama anayemuuzia upepo. Lakini goti lilipomshika akiwa amechuchumaa kutafuta skrubu ya miwani iliyodondoka, alikata shauri akaenda.

Muuza viatu alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kukimbia mashindano, na mpaka leo alisimama kama anayesubiri filimbi. Hakukimbilia kumwonyesha kitu. Kwanza alimvua raba, akamwambia asimame pekupeku juu ya karatasi, akachora unyayo wake kwa kalamu. Kisha akaiweka raba ya zamani juu ya ule mchoro. Vidole viwili vilibaki nje ya kiatu.

"Sasa hivi vidole vyako vinaishi chumba cha kupanga," alisema. "Vinabanana."

Akashusha jozi kadhaa. Alimfundisha kuvikagua: kiatu kikunjike mkononi kama gazeti, kisigino kisipande juu kuliko vidole, na mbele pawe papana kiasi cha vidole kutandazika. Jozi ya kwanza ilimbana ubavuni. Ya pili ilikuwa laini lakini kisigino kilichezacheza. Ya tatu, ya kijivu, isiyo na madoido yoyote, ilimkaa mpaka akasahau kuitazama. Alitembea nayo mpaka mlangoni akarudi, akahisi mstari unaogawa vigae vya sakafu ukipita chini ya wayo.

Muuza viatu alimuuliza anafanya kazi gani. Alipoambiwa, alitabasamu.

"Mteja akichukua miwani mpya, yenye nguvu tofauti na aliyoizoea, unamwambia aendeshe gari siku hiyo hiyo?"

"Hapana. Namwambia avae nyumbani kwanza, macho yazoee."

"Basi, na miguu ni hivyo hivyo. Tembea navyo nyumbani. Tembea navyo dukani. Ukikimbia, kimbia kidogo, uache ukiwa bado unatamani."

Fundi miwani aliitikia kama wanavyoitikia wateja wake, yaani kwa kichwa tu.

Kesho yake alikimbia njia yote. Hakuwa amewahi kujua kwamba mtaa una mambo mengi hivyo. Alihisi baridi ya lami, ulaini wa rangi nyeupe pale pa kuvukia, changarawe moja moja mbele ya kiwanda cha uchapaji, na udongo uliopoa kando ya uzio wa shule. Magoti yalinyamaza. Alirudi nyumbani anacheka peke yake. Siku iliyofuata vigimbi vilikuwa vigumu kama kuni, akakimbia tena. Alijua anafanya upumbavu. Lakini maumivu yale yalikuwa ya miguuni, mahali panapojulikana, na yakimkamata hakuwa na nafasi ya kuwaza lingine.

Wiki chache baadaye kidonda kisichoonekana kilijitokeza juu ya wayo, nyuma ya vidole. Alipokanyaga, kilichoma kama msumari. Hakumwambia mtu. Alianza kushuka ngazi kiubavuubavu, mkono kwenye reli, na akifika mtaani alijikaza.

Mwalimu, ambaye alizoea kuwaona watoto wanaojidai hawaumwi, alimgundua. Siku moja wakiwa sebuleni, mume anafunga begi lake, alimuuliza mguu una nini. Akajibiwa hauna kitu.

"Mwanangu," Mwalimu alisema kwa upole, "mficha uchi hazai."

Ni methali ya kila siku. Watu huwaambia wagonjwa, wadaiwa, hata wanafunzi wasiouliza maswali. Lakini fundi miwani aliweka kikombe mezani kwa nguvu, akaenda jikoni, akafungua bomba na kuliacha likimwagika. Mumewe aliinama zaidi juu ya begi lake kana kwamba humo mna bisibisi aliyoitafuta maisha yake yote. Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, hakuelewa amekanyaga wapi. Jioni aliomba radhi kwa kuingilia mambo ya mguu usio wake.

Picha ya hospitali ilionyesha ufa mwembamba kama unywele katika mfupa wa wayo. Aliambiwa apumzike, na alipumzika, huku akinuna kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Mfupa ulipounga, alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mtaratibu aliyeongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Huyo hakuvilaumu viatu. Alisema viatu havina kosa, haraka ndiyo yenye kosa, na mtu mwenye haraka hapewi ushauri bali hupewa kengele. Akampa mkanda wa kufunga kifuani, unaosoma mapigo ya moyo na kuyapeleka kwenye saa ya mkononi. Waliiwekea saa kikomo. Moyo ukikipita, saa italia, naye apunguze mwendo mpaka inyamaze.

"Na siku nikiisahau nyumbani, je?" fundi miwani aliuliza.

"Ongea. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidi. Huo tunauita mwendo wa kuongea."

Alfajiri ya kwanza saa ililia kabla hajaumaliza mtaa wa wachapaji. Alipunguza, ikanyamaza, akaongeza, ikalia. Kwenye kilima cha tangi ilimbidi atembee. Mama mmoja anayesukuma kigari cha mboga alimpita, akamsalimia, akamwambia asikate tamaa. Alirudi nyumbani amekasirika, akamsimulia mumewe yote, na mumewe akacheka mpaka akakaa. Akasema kwa mwendo huo hata Mama anaweza kwenda naye.

Alikuwa anatania. Lakini Mwalimu alikuwa jikoni, akatokeza kichwa mlangoni, akasema kwamba kwa kweli angependa, kama hatakuwa mzigo. Tangu aje hapo hakuwa amefika mbali zaidi ya duka la dawa.

Ungemkatalia vipi? Fundi miwani alimkodolea mumewe macho ambayo mumewe aliyaelewa vizuri, kisha akasema, "Karibu, Mama."

Hivyo ile saa yake peke yake ikawa ya watu wawili. Mwalimu alivaa raba za kitambaa alizofundishia miaka yote, bapa, zisizo na kisigino, na alipoambiwa viatu vya kijivu vimetengenezwa na wataalamu ili vifanane na kutovaa kitu, alivishika, akavikunja, akavirudisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Yeye alitembea upesi, mkwewe alikimbia polepole, wakawa sambamba.

Mwanzoni fundi miwani alijibu kwa neno moja moja. Mwalimu hakudai zaidi. Alisimulia wanafunzi wake: yule aliyelala darasani kila siku mpaka ikagunduliwa kwamba ndiye anayeuza magazeti, na yule mwingine aliyeandika katika mtihani kwamba jibu analijua lakini si la kumwambia mtu. Alieleza jinsi mumewe, siku za mwisho, alivyomwita kwa jina la dada yake, na yeye akaitika. Alisema mambo hayo akitazama mbele, bila kutaka kuhurumiwa. Polepole fundi miwani naye akaanza kumwambia habari za dukani, za wazee wanaolia wanapovaa miwani na kuona makunyanzi yao, na za bwana mmoja aliyerudisha lenzi akidai zinamwonyesha mke wake vibaya. Saa ilinyamaza kwa kitambo kirefu zaidi kila wiki. Mguu haukuuma.

Asubuhi moja walikuwa kando ya uzio wa shule, mahali tambarare kabisa, wanakwenda taratibu kuliko kawaida kwa sababu barabara ililoa. Mwalimu alikuwa anaongea kuhusu chumba chake. Alisema hana malalamiko, chumba ni kizuri, kinapata hewa, ila ile njano inamuumiza macho asubuhi jua likiingia. Alikuwa anafikiri amwambie mwanawe atafute rangi nyeupe, wapake hata Jumapili hii, yeye mwenyewe atashika brashi.

Saa ikalia.

Fundi miwani alipunguza mwendo. Ikaendelea kulia. Akatembea, ikaendelea kulia. Akasimama, akaufunika mkono kwa kiganja kama anayemziba mtoto mdomo, nayo ikalia chini ya kiganja.

"Umechoka?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mama."

Mwalimu alimtazama, akaitazama barabara iliyonyooka, akamtazama tena. "Hata kilimani haikulia hivi," alisema.

Palikuwa na ukuta mfupi pale, unaozunguka bustani ya shule. Fundi miwani alikaa. Alikuwa amejiandalia maneno ya siku kama hiyo mara nyingi, maneno yaliyopangika, lakini yaliyotoka hayakuwa hayo. Alisema njano ile ilipakwa kwa ajili ya mtoto. Mimba ilikuwa imekua, ilishaanza kucheza. Ilitoka mwezi ule ule baba mkwe alipolazwa mara ya pili, alipowekwa kwenye mashine ya hewa, na mumewe akasema Mama ana mzigo wa kumtosha, wasimwongezee. Wakasubiri baba apone. Baba hakupona. Wakasubiri matanga yaishe. Kisha ukapita muda, na neno likikaa muda mrefu mdomoni huota mizizi. Kisha mama mwenyewe akahamia, na chumba kilikuwa kimoja tu.

Mwalimu alikaa karibu naye. Wasichana wawili wa shule walipita, wakawaamkia, naye akawaitikia vizuri kabisa, kwa sauti ya ualimu, kisha sauti ikamwisha.

"Nami nimelala humo," alisema hatimaye. "Nimetundika magauni yangu humo. Halafu nikakwambia mficha uchi hazai."

"Hukujua, Mama."

"Sikujua. Lakini kulikuwa na nyingine. Kuna mficha maradhi, kifo humuumbua. Ningeweza kutumia hiyo."

Fundi miwani alifikiri kidogo. "Hiyo nayo si nzuri sana," alisema, na bila kutarajia akacheka. Mwalimu naye akacheka, na cheko la fundi miwani likageuka katikati, likawa kilio. Mwalimu hakumwambia anyamaze, wala kwamba Mungu ana mipango, wala kwamba bado yu kijana. Alimshika mkono ule wenye saa, akaukalisha mapajani mwake.

Baadaye aliuliza, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Manesi hawakuuliza, mwenzake wa kaunta, aliyejua, hakuuliza, na mumewe hakuhitaji kuuliza. Alilitamka lile neno na kuhisi kama amemtambulisha mtu aliyekuwa amesimamishwa mlangoni muda wote huo.

Walirudi wakitembea. Njiani Mwalimu alisema kitu kimoja tu, kwamba ataondoka akitakiwa kuondoka, na atakaa akitakiwa kukaa, na kwamba hilo halihitaji jibu la leo.

Jioni fundi miwani alimwambia mumewe mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Hakutaka mwingine amtangulie. Mume hakupaza sauti. Alivua saa yake, akaiweka, akaichukua tena.

"Tulikubaliana," alisema.

"Wewe ndiye uliyekubaliana. Mimi nilikuwa kitandani hospitali."

Alitoka nje. Fundi miwani alisikia mlango mkubwa, lakini hakusikia hatua zikishuka, akajua amekaa ngazini. Baada ya kitambo alisikia mlango ukifunguliwa tena kwa utaratibu, na ndala za Mwalimu zikitoka. Yaliyosemwa huko hakuyasikia, na hakuwahi kuyauliza. Majirani wa chini walipita na mifuko yao, wakawakuta mama na mwanawe mtu mzima wamekaa kwenye ngazi moja, mtoto ameficha uso begani kwa mama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyefanya mzaha wa lifti.

Aliporudi ndani alimwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipaka ukuta ule peke yake, siku ambayo mkewe alikuwa kazini, na kwenye kona nyuma ya mlango alikosea, rangi ikachuruzika. Alikuwa amepanga kuirekebisha. Tangu mama yake ahamie, akiingia kumwamkia, husimama mahali pale ili mgongo wake uizibe kona.

Mwalimu hakuondoka. Alienda kwa muda kuipangisha nyumba yake ya zamani, na katika siku hizo mke na mume waliingia kile chumba pamoja, wakakaa kitandani kwa mama, hawakufanya chochote. Waliongea kidogo. Waliitazama ile kona. Aliporudi walimuuliza anataka rangi gani, naye akasema ataning'iniza pazia zito, inatosha. Ukuta anawaachia wenyewe, siku wakitaka kuubadilisha wataubadilisha wao. Kulikuwa bado na asubuhi ambazo fundi miwani hakutaka kuongea na mtu, na Mwalimu alijifunza kuzitambua, akabaki nyumbani na redio yake.

Mvua zilipokwisha, moyo wa fundi miwani ulikuwa umetulia kiasi kwamba saa haikulia tena hata kilimani. Kwa mapigo yale yale alikuwa anakwenda mwendo wa kweli, na Mwalimu, kila akijitahidi, aliachwa. Akawa anamsubiri kila kona. Siku moja, chini ya kilima, Mwalimu alisimama, akashika kiuno, akasema amechoka kusubiriwa kama basi.

"Nenda," alisema. "Mimi najua njia."

Fundi miwani alikwenda. Alipanda kilima kwa hatua fupi fupi, vidole vimetandazika, ardhi inampokea na kumrudisha. Alilifikia tangi hajahema. Mji ulikuwa chini, mapaa yameanza kung'aa, na mbele yake barabara iliendelea upande ambao hakuwa amewahi kwenda. Akaifuata. Alikimbia peke yake kama alivyotaka tangu mwanzo, ikawa tamu kama alivyodhani, na alipoona inatosha aligeuka.

Aliporudi chini ya kilima hakumwona Mwalimu. Alitazama huku na huku, kisha akasikia sauti yake ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesimama na yule mama wa kigari cha mboga, ameshika upande mmoja wa kigari kilichochomoka gurudumu, anamweleza mwenye nacho kwamba wasihangaike, mwanawe ni fundi, na binti yake yuko karibu, atashuka sasa hivi awasaidie kuinua.

Fundi miwani alivuka barabara, akashika upande wa pili.